Nilivyomtafutia Mzee njia ya kujipikia kahawa kwa mkono mmoja

Wakuu, niaje. Hii story imetokea kwetu nyumbani, Jericho hapa Nairobi, na sijaongeza chumvi. Mama mwenyewe amenikubalia niiandike, ila amesema nisimpake matope. Tutaona.

Mzee wangu, yaani baba, alifanya kazi reli mpaka akastaafu. Sisi ni watu wa western, na mnajua watu wa western na chai. Chai ya maziwa asubuhi, chai saa nne, chai mgeni akiingia, chai mgeni akisema anatoka. Lakini Mzee akitoka shifti alikuwa akipitia Majengo kwa wale wauza kahawa wa birika, na huko ndiko alikoharibikia. Akawa mtu wa kahawa nyeusi, chungu, bila sukari. Mama hajawahi kumwelewa mpaka leo.

Mwaka jana Mzee akapata stroke.

Mungu ni mwema, anaongea vizuri, anatembea. Ila mkono wa kulia umelala. Wa kushoto uko na nguvu, lakini akibeba kitu kizito unatetemeka. Birika la maji moto hawezi kuinua, na tukimwona akilijaribu roho zinatutoka.

Basi akaacha kahawa. Mimi nilidhani ni daktari amemkataza. Siku moja nikamuuliza.

"Daktari alisema kikombe kimoja si shida," akanijibu. "Lakini kila nikitaka kahawa lazima niombe mtu. Nimechoka kuomba vitu kwangu."

Wakuu, nilienda jikoni nikalia, nikajipangusa na aproni. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hasira zangu zikikosa mtu wa kumwendea huwa zinageuka kazi. Nikaapa Mzee atajitengenezea kahawa yake mwenyewe, kikombe chake kimoja, bila kumwita mtu.

Ndugu yangu aliposikia akatuwahi. Ni mtu wa ofisi, anapenda vitu vya kung'aa. Akaleta mashine ile ya kutumia vikopo vidogo vya plastiki: unaingiza kikopo, unabonyeza, kahawa inatoka. Ilikuwa nzuri kuiangalia. Shida ni kwamba kufungua mdomo wake unahitaji mkono mmoja ushike mashine na mwingine uvute. Mzee akivuta, mashine yote inamfuata.

Halafu kila kikombe kikawa kinaacha kikopo. Mzee akatazama pipa la taka akauliza kama kweli amekunywa kahawa yote hiyo. Na token ya stima ikiisha, umeme unakatika, hakuna kahawa. Nilimwambia ndugu yangu airudishe dukani, akaniita mtu asiye na shukrani, tukakosana kama wiki hivi. Mashine bado iko, Mama ameifunika na kitambaa cha kufuma kama anavyofunika kila kitu kwa hiyo nyumba.

Tukajaribu zile pakiti ndogo za kahawa ya kukoroga. Mzee akawa anazipasua na meno. Sikuweza kuangalia. Na yeye mwenyewe alisema hiyo si kahawa, ni harufu ya kahawa.

Jibu nililipata kwa mkutano wa kupanga mazishi ya jirani. Nimekaa pale na kikombe changu, naangalia watu wakijichotea chai, nikajishika kichwa. Chupa ya kubonyeza, wakuu! Ile kubwa ya chai ambayo kila nyumba inayo. Huiinui, huiinamishi. Unaweka kikombe chini ya mdomo wake, unabonyeza juu na kiganja, maji yanashuka. Mkono mmoja, na hata ukitetemeka hakuna kinachoanguka.

Maji yenyewe hayakuwa tatizo, kwa sababu Mama huchemsha ya chai kila asubuhi. Angejaza chupa ya Mzee kwa moto uleule.

Nikapeleka chupa Kariobangi kwa fundi wa kuchomelea. Tukakubaliana atengeneze kibao cha chuma, chupa ikae juu yake, halafu mbele kuwe na pete ya kushikilia mfuko wa kuchujia, na kikombe kikae chini ya pete. Uzito wa chupa ndio unashikilia kila kitu. Pete ya kwanza ilikaa mbali, maji yakawa yanamwagika nje. Nikamrudia. Alinuna kidogo, lakini ya pili ikakaa sawa kabisa.

Mfuko nikaushona mwenyewe. Mimi hushona yunifomu za shule, kwa hivyo hapo nilikuwa kwangu. Nilitumia marekani, ile pamba nzito isiyo na rangi, nikaikata kama koni na mshono nikauweka nje ili unga usijifiche ndani. Kahawa nikaiweka kwenye bakuli la sukari lenye kifuniko cha kuinua tu.

Jioni nikaujaribu, mfuko ukageuka kahawia, nikausuuza na kuuanika kwa kamba nje. Kahawa ilikuwa tamu. Nililala nikijisifu.

Asubuhi Mzee akaukuta mfuko mahali pake. Nikajifanya natafuta viatu, kumbe namchungulia kwa mlango. Akachota, akabonyeza, akangoja ishuke, akabonyeza tena. Akabeba kikombe chake mpaka kwa kiti. Akanywa yote. Akasema iko sawa.

Saa nne nikajitengenezea changu. Wakuu, nilitema kwa sinki. Kahawa ilikuwa inanukia maua!

Kumbe Mama alikuwa ameona mfuko wangu kwa kamba, umebadilika rangi, na majirani wote wanapita. Aibu ilimshika. Akauloweka na sabuni ya unga, akautia ile dawa ya kunukisha mashuka, na kabla hatujaamka akaupiga pasi. Ulikuwa mweupe kama kitambaa cha altareni.

Nikamwendea Mzee nikamuuliza kama hakusikia hiyo ladha.

"Nilisikia," akasema. "Lakini hicho kikombe nilikitengeneza mimi. Ungetaka nikimwage?"

Nikarudi kwa cherehani.

Nikashona mfuko mwingine na nikatoa sheria: maji moto peke yake, sabuni isiukaribie, na unakauka kwa msumari wa ndani jikoni. Mama alikubali shingo upande, kwa sharti wageni wasiuone. Machicha Mzee anayamwaga kwa gunia la udongo tulilopandia sukuma wiki hapo mlangoni. Hakuna kikopo, hakuna pakiti.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu yetu ya kukaribisha jumuiya ya kanisa. Watu wakajaa sebuleni, nami nikainuka kuleta chai. Mzee akaniambia nikae. Akawauliza nani anataka kahawa, mikono ikainuka mingi, nadhani wengine kwa heshima tu. Akaanza kuwatengenezea mmoja mmoja. Kikombe kimoja kinachukua muda wake, na hakukubali kusaidiwa zaidi ya kupokewa. Sala ilichelewa kuanza. Hakuna aliyelalamika, na kikombe cha mwisho alimpa Mama.

Mama alikunywa bila maziwa, bila sukari, mpaka chini. Mimi nilikuwa najivuna mpaka mashavu yanauma.

Nilichojifunza ni hiki: usikimbilie kitu cha kung'aa kabla hujakaa chini ukaangalia mkono wa mtu unaweza kufanya nini.

Sasa karibuni mchangie. Wenye kujua kahawa nzuri ya kusaga hapa Eastlands, niambieni. Wenye kusema marekani si safi, njooni tubishane. Na kama nyumbani kwako kuna mtu ameacha kuomba kitu alichokuwa anakipenda, kiandike hapa chini, tukitafutie njia pamoja.