Filamu za Maji Kwenye Mialo ya Dhahabu

Dada yangu, Mama Kulwa, alinipigia simu katikati ya kiangazi akaniambia bata wake wote wamekufa. Ameolewa katika kijiji cha wachimbaji, mbele kidogo ya Masumbwe, na bata wale walikuwa wakinywa kwenye bwawa lilelile analochota maji ya kupikia. Juu ya bwawa hilo kuna mialo, sehemu wanapooshea mchanga na kuinasa dhahabu kwa zebaki, ambayo ni sumu.

"Nimesema mpaka nimechoka," aliniambia. "Wananiona mwanamke mwenye maneno mengi tu."

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nimekuwa nikikusanya filamu fupi kuhusu shida za maji duniani na kuziwekea maelezo ya Kiswahili kwa sauti yangu mwenyewe. Nikamwambia nakuja.

Likizo ilipofika niliondoka nyumbani Didia alfajiri kwa basi, projekta nimeizungushia kitenge ndani ya begi la nguo. Mashamba ya pamba yalikuwa yamebaki vijiti vitupu. Tulipoipita Kahama miti ikaanza kuwa mingi, na malori yaliyobeba mawe ya dhahabu yakawa yanaturushia vumbi dirishani.

Masumbwe nilishuka mchana, nikachukua bodaboda. Dereva aliutazama mzigo wangu akauliza kama nimebeba mzani wa dhahabu.

"Nimebeba sinema," nikamjibu. Alicheka mpaka tukakaribia kuingia mtaroni.

Kijijini nilipokelewa na kelele za makarasha, zile mashine za kusagia mawe. Kabla hata ya kula nilikwenda kumwamkia Baba Shija, mwenye mwalo mkubwa kuliko yote, kwa kuwa bila yeye nisingepata watazamaji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ndiye wewe mwalimu wa sinema? Onyesha. Ila usije ukatufungia kazi. Hapa watu wanakula kwa mialo hii."

Jumapili baada ya misa, katekista alitupa chumba cha mafundisho, tukaziba madirisha kwa vitenge na kutundika shuka langu jeupe ukutani. Niliwaonyesha ziwa lililokauka hadi mitumbwi ikakaa juu ya vumbi, kisha mto uliogeuzwa mweusi na viwanda vya ngozi. Walitazama kwa utulivu, wakapiga makofi.

"Masikini, wanateseka hao," alisema mchimbaji mmoja.

"Lakini hiyo ni nchi ya watu," Baba Shija akamalizia, na wote wakatawanyika.

Nilikunja shuka langu kwa hasira. Dada alinitazama, akasema, "Basi nipige mimi picha. Nifuate kuanzia asubuhi, mpaka uji uive."

Kesho yake nilimfuata na simu yangu. Tulianzia mwaloni, tukateremka na mfereji wa maji mekundu hadi bwawani. Hapo tulimkuta Mama Shija, mke wa mwenye mwalo, na ndoo yake. Dada alimweleza tunachofanya. Akaitua ndoo yake chini.

"Na mimi nitokee," akasema.

"Mumeo akikasirika?" dada akamuuliza.

"Akasirike. Chai si anakunywa?"

Jioni hiyo chumba kilijaa, wengine wakabaki mlangoni. Mwanzoni walicheka kujiona kwenye shuka. Picha ilipoanza kuufuata mfereji, kicheko kikakatika. Akatokea Mama Shija akimimina maji kwenye birika, na kila mtu akageuka kumtazama mumewe. Baba Shija akasimama.

"Nani alikupa ruhusa ya kumpiga mke wangu picha?"

Kabla sijajibu, mkewe alisema, "Ruhusa nilitoa mimi. Kaa, Baba Shija, haijaisha."

Mumewe akatoka. Wengine walibaki, na mama mmoja akaomba nirudie ule mto mweusi. Safari hii waliuliza maswali: watu wale walilalamika kwa nani? Wenye viwanda walisikia? Niliwajibu niliyoyajua. Nikawaambia pia, bila kuficha, kwamba bwawa lao lisinywewe tena hata mialo ikihamishwa, kwa sababu zebaki iliyokwisha kuzama kwenye tope haiondoki.

Asubuhi, nikifunga begi, Baba Shija alikuja uani kwa dada. Hakunitazama.

"Mwalo wangu nauhamishia upande wa pili wa kilima," alisema. "Nimeongea na wenzangu wawili wenye mialo, wamekataa." Akatoa simu yake. "Nirushie hiyo filamu. Hao wawili hawakuwepo jana."

Nikamrushia. Dada alinisindikiza na ndoo kichwani. Yeye na wenzake walikuwa wameanza kwenda kisima cha shule, mbali kweli. "Wabeja, mdogo wangu," alinishukuru, akashika njia yake.

Njia nzima ya kurudi niliyawaza hayo. Nilidhani watu wakionyeshwa dunia wataamka. Wale walihitaji kwanza kuiona ndoo yao, ndipo ya wengine nayo ikawauma.

Didia nilimwonyesha mama filamu ile. Alimtazama binti yake akichota, mpaka mwisho.

"Na lambo letu je?" akauliza. "Si tunachota humohumo wanamoingia ng'ombe?"

"Ndiyo, mama."

Alijifunga khanga vizuri.

"Kesho anza na mimi."