Esansi ya Bamwana

Pale Nyamianda, mjini Uvira, kulikuwa na dereva mmoja wa taksi aitwaye Ciza, mwenye njia ya Uvira hadi Luvungi. Ukitaka kumkasirisha, umwambie tu kwamba esansi ni esansi, petroli yote ni moja. Eee! Angekushusha garini hata kama mmebakiza nusu ya safari. Kwa Ciza, esansi ilikuwa na ukoo na tabia. Kuna ile iliyovuka ziwa kutoka Kigoma ikashushwa bandarini Kalundu, hiyo aliipenda. Kuna iliyopita njia za panya, ikalala kwenye vidumu juani mpaka nguvu ikaiishia. Na kuna ile aliyoiita supu, yaani esansi iliyotiwa mafuta ya taa ili izidi wingi. Hiyo aliichukia kama mwizi wa kuku.

Alikuwa na namna yake ya kupima. Alichovya kidole, akadondosha tone juu ya karatasi nyeupe, akaipepea. Esansi safi hukauka, karatasi ikabaki kama ilivyokuwa. Supu huacha duara la mafuta. Abiria walinung'unika, muuzaji alinuna, yeye hana habari. Motari, wale vijana wa pikipiki, walimwita Dokta. "Dokta, mugonjwa iko na homa leo?" walimtania. Naye huwajibu, "Endeleeni kunywesha pikipiki zenu uchafu. Mutazisukuma mpaka Luvungi!"

Usimcheke lakini. Ile Carina yake nyeupe ndiyo shamba la baba yake. Lilikuwa shamba zuri la bondeni, la mpunga na muhogo. Aliliuza lote akanunua gari, na ndugu zake hawakumsamehe mpaka leo. Gari likifa, Ciza hana gari, hana shamba, wala hana mlango wa ndugu wa kugonga. Alilijua hilo kila asubuhi alipowasha moteri.

Sasa, binti yake Amandine aliolewa Luvungi, kwa kijana motari aitwaye Fiston, mtoto wa mzee Léopold. Miaka ikapita na Amandine hakupata mimba. Midomo ya watu unaijua. Mashangazi wa Fiston wakaanza kusema mwanamke huyo arudishwe kwao. Mzee Léopold ndiye aliyewanyamazisha: "Huyu ni mutoto yangu. Mwenye kumufukuza, anifukuze minye kwanza." Habari hiyo ilipomfikia Ciza, alilia mbele ya mke wake Bénédicte, mwanaume mzima. Tangu siku hiyo hakuna mtu ambaye Ciza alimheshimu kama bamwana wake. Ndivyo kwetu wazazi wa mume na wazazi wa mke wanavyoitana.

Halafu esansi ikaadimika. Ng'ambo, Burundi, vituo vilikauka, na esansi yetu ikawa inavuka mpaka kwa vidumu kwenda huko. Kwenye pompu za mjini foleni zikawa ndefu kuliko misa ya Pasaka. Kila mwenye meza akaanza kuuza esansi kwa chupa kando ya barabara. Mzee Léopold naye, mkulima aliyezoea jembe tu, akaweka meza yake pale Luvungi, mahali ambapo magari ya Uvira hugeukia.

Siku Ciza alipoiona meza hiyo mara ya kwanza, gari lilikuwa limejaa mama wa sokoni na magunia yao. Mzee alimkimbilia mikono wazi, kisha akamwonyesha kidumu chini ya meza. "Bamwana! Karibu! Weye nimekuwekea bidoni yako pekee. Bantu bengine habaigusi!" Nyuma ya meza Amandine alikuwa amesimama, chupa mkononi, anacheka kwa furaha ya kumwona baba yake.

Ciza akatia mkono mfukoni, karatasi ikatoka. Akaitazama. Akamtazama mzee aliyemlinda mtoto wake. Kwetu, chakula cha bamwana hukinusi kabla ya kula. Ukinusa, umemwita mchawi mbele ya watu. Je, esansi yake? Ciza alijifuta jasho usoni kwa karatasi ile, akairudisha mfukoni. "Jaza, bamwana," akasema.

Ilipomiminwa, harufu ikamfikia, harufu ya koroboi kabisa. Ilikuwa supu. Alijua, akatabasamu, akashukuru, akaondoka.

Loo, heshima nayo ina ujinga wake! Njia nzima alijifariji kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Safari iliyofuata alipanga foleni Uvira alfajiri, akajaza tanki, ili Luvungi awe na la kusema. Mzee alisikia "nimejaza kwetu" akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Bamwana, weye unaogopa esansi ya masikini?" Watu pale mezani waligeuka. Ciza akaona aibu mpaka masikioni, akafungua kifuniko cha tanki, akaomba aongezewe. Mara nyingine alisimama nje ya kijiji, akaifyonza esansi ile kwa mpira na kuimwaga majanini. Mama mmoja kati ya abiria, Honorine, muuza nyanya, akapiga kelele kwamba dereva amerukwa na akili. Ciza aliogopa maneno hayo yasije yakarudi Luvungi, akaacha.

Gari likaanza kukohoa asubuhi. Kisha likawa linagonga kila linapopanda, na moshi nyuma. Makanika wake, Ezéchiel, alitoa buji, zile plagi za moteri, akazigeuza mkononi, nyeusi tii. "Dokta, ni weye mwenyewe unanyweshaka hii gari?"

"Umwambie mzee, basi!" Bénédicte alimpigia kelele nyumbani.

"Nimwambie nini? Kwamba ananiuzia uchafu? Kesho mashangazi watasema, baba anatutukana na binti yake hazai. Nani atamtetea tena? Amandine atarudi hapa na nguo zake kichwani."

Hata Bénédicte hakuona njia.

Gari lilikufa njiani, kabla ya kufika Sange. Liligonga kwa nguvu, likazimika, likakataa. Abiria walipanda pikipiki wakaenda zao, na Ciza akabaki juani na chuma chake mpaka likapatikana lori la kulivuta. Ezéchiel alipofungua moteri alikuta pistoni imetoboka. "Hii imekwisha, mukubwa," alisema. Moteri nyingine ingetoka wapi? Ciza alikaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, akaweka mikono juu ya usukani, na Ezéchiel hakuwa na moyo wa kumwambia ashuke.

Jumapili Léopold alikuja Nyamianda, pamoja na Amandine, wamebeba kuku na ndizi kama watu wanaokuja msibani. Wakakaa, wakapewa chai. Mzee alitoa pole yake polepole, kisha akapumua kwa nguvu.

"Na yetu pia imekufa, bamwana. Moto, ile pikipiki ya Fiston. Fundi anasema pistoni. Motari bengine pale Luvungi nabo banalia, banasema ni esansi yangu." Akatikisa kichwa kwa uchungu. "Minye nikabaambia hapana! Dokta mwenyewe, bamwana yangu, anajazaka hapa, na hajaipima hata siku moja. Ingekuwa mbaya, angesema. Minye ni mukulima, pua yangu inajua samadi tu. Nilikuangalia weye. Nikaona hupimi, nikajua ni safi, nikaendelea kuinunua kwa mutu ule ule."

Bénédicte aliinamisha uso. Ciza angeweza kunyamaza tena. Lakini mzee alikuwa anamtazama, anangoja aambiwe kwamba motari wanasema uongo.

"Ilikuwa mbaya, bamwana," akasema. "Tangu siku ya kwanza."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ulinyamaza."

"Niliogopa kukuvunjia heshima."

Mzee aliweka kikombe chini. "Nimeapa kwa jina lako mbele ya bantu. Nimeua moto ya mutoto yangu. Na weye unajua." Akasimama, akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga. Jambo hilo kwa bamwana halijawahi kuonekana.

Amandine alibaki mlangoni, machozi yanamtoka. "Ungeninong'oneza minye, baba. Mimi ningemuambia vizuri, asingekasirika. Kila siku anauliza wateja kama iko sawa."

Ciza alitaka kusema kwamba alifanya yote kwa ajili yake, lakini maneno hayo yangemsaidia nani? Amandine alifunga kitenge chake, akamfuata mzee barabarani. Alikuwa anarudi Luvungi, kwa wale mashangazi, na safari hii hakukuwa na mtu wa kuwafunga midomo.