Maua Dume Niliyoyapika

Ipo asubuhi moja ninayoikumbuka vizuri, mwanangu Hamisi, kwa sababu mpaka leo inanitia aibu.

Nilikuwa nimeolewa hapa Likunja miezi michache tu, nimetoka kwetu Mtua nikijiona najua kulima kuliko wote. Bibi yako, mama mkwe wangu, alinipa mbegu za maboga alizoachiwa na mama yake, akazitoa kwenye kibuyu cha majivu. Zilikuwa za mwisho. "Zikipotea hizi, basi tena," aliniambia.

Maboga yakaota, yakatambaa, yakachanua. Unajua sisi maua yake ni mboga. Huchumwa yale ya kikonyo kirefu chembamba, yasiyo na kiboga kidogo nyuma yake. Hayo ndiyo maua dume. Mama yangu alikuwa akisisitiza niache machache, lakini hilo sikulisikiliza. Kila alfajiri niliyachuma yote, nikayapika kwa karanga, baba yako akaramba vidole. Nilivimba kichwa mimi!

Lakini vile viboga vilivyokaa chini ya maua jike vikawa vinageuka manjano na kudondoka, kimoja baada ya kingine. Nikamwendea bibi yako, nikasema bila haya, "Mama, mbegu zako tasa. Naing'oa mimea hii nipande ufuta."

Kesho yake asubuhi akanichukua shambani, akafungua ua jike, akanionyesha kidude kinachonata katikati yake.

"Hapa ndipo unga wa ua dume unapotua. Nyuki anauleta, nguvu yake inashuka ndani mpaka kwenye mbegu, ndipo boga linakua. Haya, madume yako wapi?"

"Nimeyapika, mama."

"Umeyapika. Halafu unalitukana jike!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tulitafuta mpaka tukapata madume mawili yamejificha chini ya majani. Akayachana petali, akanipa niupake ule unga wa manjano kwenye maua jike yaliyochanua asubuhi ile, maana jua likikolea hujifunga. Viboga vitatu vikashika. Maboga uliyolelewa nayo, mwanangu, yametokana na hayo matatu.

Sasa Ijumaa umekuja kuniambia unamrudisha Somoe kwao Kiegei, eti mwaka wa tatu huu hajashika mimba. Somoe ameshakwenda hospitali mara mbili, peke yake. Wewe umekwenda lini? Sikuambii kosa ni lako. Huenda si la yeyote, huenda ni kusubiri tu. Nakuambia nililojifunza kwa aibu: usimlaumu mmoja kwa kazi ya wawili. Nendeni pamoja, mpimwe wote, mkae mbele ya daktari mkiwa mmeshikana mikono. Mimi nina matumaini, tena makubwa. Ila mtoto aje asije, neno tasa sitaki kulisikia tena nyumbani kwangu. Somoe ni mkeo, si shamba.

Mbegu nimewawekea, kwenye kibuyu kilekile. Mvua ikianza, pandeni wote wawili, na maua dume myaache mengine. Mungu awape subira, awape uzao, awaweke pamoja mpaka meno yawatoke, bado mnagawana boga moja.