Barua ya Tisa Ilivyosomwa Usevya

Maneno niliyomwandikia mke wangu peke yake niliyasikia yakisomwa msibani Usevya, kwa kipaza sauti, mbele ya watu waliokuwa wakisubiri wali.

Mke wangu ni mwanasiasa. Sehemu kubwa ya mwaka yuko Dodoma. Mimi nafundisha shule ya msingi na kukaa na watoto wetu wawili hapa Misunkumilo. Tulianza kuandikiana barua kwa sababu simu yake haikuwa yake tena. Nikipiga, anapokea msaidizi wake, mwanamume anayesikika kuwa wa rika langu, mwenye sauti ya mtangazaji.

"Mheshimiwa yuko kwenye kikao, shemeji. Nimwambie nini?"

Mambo mengine huwezi kumtuma mwanamume mwingine akamwambie mkeo. Ndipo yeye mwenyewe akasema tuandikiane, kama enzi za uchumba, yeye alipokuwa Inyonga, mimi chuoni. Barua zangu nazifunga kwa gundi na kuzipeleka ofisi ya basi asubuhi kabla ya shule. Kila moja ina namba kwenye kona ya kulia, na nakala yake nabaki nayo kwenye faili. Walimu wenzangu wanasema naandaa andalio la somo la mapenzi.

Usevya nilikwenda kumwakilisha. Alikuwa amefariki mzee aliyemuunga mkono tangu kampeni ya kwanza. Nilikalishwa mbele, na shemeji wa marehemu akaanza utani.

"Bwana wa mheshimiwa, nyumbani kwenu nani anapika?"

"Mimi."

"Basi pita jikoni kule, wewe na mkeo mtusaidie. Mmoja aongee, mmoja apike."

Watu wakacheka kwa sauti ya chini, ya msibani.

Kisha katekista akasoma salamu za rambirambi za mke wangu, zilizotumwa kwa simu asubuhi ile na kuchapishwa mjini. Mwanzo ulikuwa ule wa kawaida. Halafu akasoma: "Najua, mama, kiti chake mtaendelea kukizunguka kana kwamba bado amekikalia."

Mjane akafunika uso kwa kanga. Mama mmoja nyuma yangu akaninong'oneza, "Mkeo anajua kuingia moyoni."

"Anajua," nikasema.

Nilipofika nyumbani nilifungua faili kabla ya kuvua viatu. Barua ya tisa, mstari wa nne: *Kiti chako mezani bado tunakizunguka kana kwamba umekikalia.*

Kama sentensi hiyo angekuwa ameichukua yeye mwenyewe, ningenuna siku mbili, yakaisha. Lakini rambirambi haandiki yeye. Aliniambia mwenyewe alipokuja likizo: msaidizi anaandika zote, yeye anaweka sahihi. Kwa hiyo ama alimpa sentensi yangu moja, ama mtu yule ana barua yangu nzima. Sijawahi kumwona uso, lakini tangu siku ile namwona kila siku, ameegemea kiti, anasoma. Anashuka mpaka mstari wa kumi na moja, pale nilipoandika kwamba siku hizi nalala upande wake wa kitanda. Halafu nikipiga simu ananiita shemeji.

Barua ya kumi niliiandika kwa utaratibu. Nilimuuliza kuhusu jino la mtoto mdogo, bati la jikoni linalovuja, na mahindi, tuyauze au tuyaweke. Mwisho nikauliza: Barua zangu nani anazifungua? Nikapiga mstari chini yake.

Majibu yalikuja na basi la Ijumaa, kurasa mbili, mwandiko wake. Jino ling'olewe. Bati lisubiri mvua ziishe. Mahindi tuyaweke. Amenipa pole ya safari, na kuniambia kwamba familia ya Usevya imepiga simu kushukuru. Maneno yale yamewafariji sana. Amefuata mpangilio wangu, jambo kwa jambo. Nimezigeuza karatasi zote mbili mbele na nyuma. Swali la mwisho hakuligusa.

Barua ya kumi na moja nimeianza mara tatu. Mpaka sasa ina namba, tarehe, na habari za jino.