Tanzia ya Mjomba Badi

Kach! Kisha shshsh kama mafuta yanayoanza kupata moto, kisha ukumbi mzima wa watu wanaangua kicheko. Sauti hiyo bado ninayo masikioni, na kila ikinijia najifunika uso kwa leso hata kama niko peke yangu, kwa sababu ndiyo iliyoniponza, ndiyo iliyonifanya nimuue mjomba wangu redioni Jumamosi asubuhi, Waswahili wote wa Houston wanasikiliza, na mwenyewe yuko hai, amelala, anakoroma. Mkitaka kucheka chekeni tu, nimeshazoea.

Wakati huo nilikuwa namhudumia Bi Doroti, ajuza Mwingereza (wa Uingereza hasa, si Mmarekani, na ukimchanganya anakununia mpaka wakati wa chai), mjane, ambaye marehemu mumewe alimleta Texas kwa kazi ya mafuta akamwacha hapo na kabati zima la kaseti. Zilikuwa ni kaseti za vichekesho vya redio vya kwao, vya enzi za usichana wake, na aliyoipenda kuliko zote ni ile ya kipindi cha kwanza kabisa. Kila alasiri, akishameza dawa, nabonyeza kitufe, kach, anafumba macho anaanza kutikisika mabega kabla hata hawajasema kitu.

Mimi shule niliishia kidato cha pili, kule kwetu Kisauni, na Kiingereza changu kilikuwa cha kumwambia mtu inua mkono, geuka, lala, kwa hiyo ile mizaha nilikuwa naambulia neno hapa na neno pale. Lakini mtindo wake niliushika. Kipindi kinaanza na mtangazaji mwenye sauti nzito ya taarifa ya habari, utadhani vita vimetangazwa, kisha katikati ya ule uzito anachomeka upuuzi mmoja, na watu hoi.

"Mwenyewe hacheki, umeona?" Bi Doroti akaniambia. "Kwanza anawakalisha wima. Halafu anawachomolea kiti."

Basi nikaanza kuota. (Mimi kuota sikuanza Marekani, hata kwetu nilikuwa naosha vyombo huku najitangaza kwa mwiko.) Nikataka na sisi tuwe na kichekesho chetu cha redio, kwa Kiswahili, na kipindi chake cha kwanza watu wakikumbuke mpaka wazeeke. Hilo la kukumbukwa, kwa kweli, nililipata.

Palikuwa na Mzee Haji, Mzanzibari, mwenye saa moja ya Kiswahili kila Jumamosi asubuhi katika kituo kidogo nyuma ya duka la nyama, hapo Alief, mtaa wa Houston tuliokuwa tunakaa. Salamu, taarabu mbili tatu, matangazo ya maduka, na mtu akifariki, tanzia. Nilimganda yule mzee mpaka akachoka.

"Nakupa dakika kumi," akasema. "Watu wakipenda, zako kila wiki. Wasipopenda, Mishi, usinijie tena hapa."

Sasa hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mmoja mdogo. Nikajiuliza, redioni kwetu ni kitu gani kizito kuliko vyote, kitakachomkalisha mtu wima? Jibu likaja lenyewe: tanzia. Tuanze na tanzia, Mzee Haji aisome kwa sauti yake ileile, kisha marehemu afufuke. Niliona nimegundua kitu ambacho Waingereza wenyewe hawakukiwaza.

Tatizo likawa nani afe. Mjomba Badi, ambaye nilikuwa nakaa kwake, alikuwa dereva wa gari la abiria wa uwanja wa ndege, zamu ya usiku, na hakuna mtu duniani aliyependa kutajwa redioni kama yeye.

"Niue mimi," akasema, tena kwa furaha. "Lakini uniue vizuri. Usije ukanipa ugonjwa wa aibu."

Mkewe, mkaza mjomba wangu Bi Riziki, nikampa kazi ya kulia. Tulipofanya mazoezi nyumbani alikuwa analia kama mtu aliyekanyagwa kidole, mpaka nikakata tamaa. Na kwa vile kwenye ile kaseti huwa pana watu wa kucheka, nikamchukua Bi Doroti nikamkalisha karibu na maikrofoni na fimbo yake. Kiswahili hajui hata neno, lakini kucheka ni kucheka.

Siku ikafika. Mjomba katoka kazini, kachomoa waya wa simu ili alale, sisi wanawake watatu tuko studio. Mzee Haji akakohoa, akasoma: "Tunasikitika kuwatangazia kifo cha Bwana Badi wa hapa Alief, mume wa Bi Riziki, kilichotokea ghafla alfajiri ya leo..." na sauti yake, wallahi, mwili ulinisisimka mimi niliyeyaandika. Nikamwashiria Bi Riziki. Sijui ndio akamkumbuka marehemu mamake, sijui ni nini, lakini lilimtoka yowe la kweli, la kutoka tumboni, mpaka muuza nyama akaja kuchungulia. Na papo hapo, juu ya kilio kile, Bi Doroti akaangua kicheko. Kirefu, chembamba, kinapanda ngazi.

Mimi ndani ya moyo nasema, hapo hapo! Nikaendelea na sauti yangu nzito ya marehemu, anainuka anauliza nani kavaa viatu vyake, anahesabu waliokuja, anaona wachache, anarudi kulala kwa hasira. Kwa kweli kilikuwa kizuri.

Ila kuna jambo moja nililisahau, na aibu ni kwamba hata mimi mwenyewe ndivyo nilivyolelewa. Kwetu tanzia ikisomwa, mtu anazima redio. Huwezi kusikia msiba ukabaki na redio inayoimba. Basi walisikia jina la Badi, wakasikia mkewe analia kwa sauti yake wanayoijua, wakasikia mwanamke anacheka katikati ya kilio, wakazima. Marehemu alifufuka peke yake.

Tulipomaliza nikakaa kando ya simu ya kituo. "Hajapiga hata mmoja," akasema Mzee Haji, na mimi nikaona ndoto yangu imekwisha.

Kumbe haijaanza kuisha! Tulipofika nyumbani maegesho yamejaa magari mpaka juu ya nyasi, na mikeka imetandikwa chini ya ngazi, kando ya bwawa la kuogelea la wapangaji wote, na watu wamekaa. Moyo wangu ukaruka. Nikasema, hawakupiga simu kwa sababu wamekuja wenyewe! (Ndiyo, nilidhani hivyo, niacheni.) Nikatoka garini nimeinua mikono yote miwili.

"Asanteni! Asanteni jamani! Mmesikia, eeh? Mmeionaje?"

Mzee mmoja akanishika bega, "Pole sana, mwanangu," nami nikamjibu kwamba ilikuwa kazi kweli lakini nimefurahi. Nyuma yangu wanawake walishamrukia Bi Riziki na leso, wanamfunika, naye anacheka anajitoa, "Nyie, niacheni, mna nini?" Na kadiri anavyocheka ndivyo wanavyozidi kulia.

"Mshikeni," akasema jirani yetu Bi Mwanakombo, amebeba sufuria la pilau kichwani. "Tumemsikia redioni akicheka. Maskini, akili imeruka."

Hapo ndipo nilipoelewa kila kitu kwa mpigo, na kabla sijafungua mdomo mlango wa juu ukafunguka. Mjomba Badi huyo, na kikoi chake, mswaki mdomoni.

"Jamani," akaita, "harusi ya nani? Mbona mimi sikualikwa?"

Bi Mwanakombo alipiga ukelele ambao hata Bi Riziki hakuufikia, na lile sufuria likaruka likaingia bwawani, pilau ikaelea na nyama zikazama.

Yule mzee wa pole akasogea mpaka chini ya ngazi. "Badi, wewe si umekufa?"

"Lini?"

"Asubuhi. Redioni."

"Aaa, ile!" Mjomba akatoa mswaki. "Ehe, mlicheka?"

Sitawasimulia niliyoambiwa dakika zilizofuata, mengine hayaandikiki. Lakini Mzee Haji alipofika, amekuja mbio baada ya kuulizwa dukani jeneza litatoka saa ngapi, hakunitukana. Ningependa angenitukana.

"Mishi," akasema, taratibu, "wiki ijayo nikiletewa msiba wa kweli, ntasomaje? Watu watakaa kwao wangoje kucheka. Na maiti atasindikizwa na nani?" Akapangusa miwani. "Kipindi chako kimekwisha, mwanangu. Kwa hilo sina la kukusaidia."

Nikakaa chini kando ya bwawa nikalia, na Bi Doroti, aliyedhani yote yale ni sherehe ya mafanikio yetu, akanipigapiga mgongoni akaniambia wasanii wakubwa wote hulia baada ya kipindi cha kwanza.

Na bado! Alasiri likaingia gari la watu kutoka Mesquite, kule Dallas, mwendo wa saa nne, ambao walipigiwa simu ya msiba na hakuna aliyeweza kuwapata njiani. Wakashuka wamevaa kanzu, viuno vimekakamaa, wakamkuta marehemu anatafuna paja la kuku.

"Tume-drive toka Mesquite bila kusimama hata chooni," akasema rafiki mmoja wa mjomba, "na wewe unakula?"

"Karibuni mazishini," mjomba akasema, na hapo kwa mara ya kwanza siku ile watu wakacheka, kwanza mmoja, kisha wote, mpaka Bi Mwanakombo. Mjomba akawaangalia wale wa Mesquite mmoja mmoja. "Kumbe mngekuja," akasema kwa sauti ndogo. Akainua ncha ya kikoi akajifuta uso, akasingizia pilipili.

Jumamosi iliyofuata Mzee Haji alinikalisha mbele ya maikrofoni niombe radhi, bila mzaha, na nikaomba bila mzaha. Dakika kumi zangu sikurudishiwa. Na mpaka alipostaafu, kila tanzia aliyoisoma aliimalizia hivi: "Na hii si ya Mishi." Nimejiapia kwamba nikipata redio tena nitaanza na chochote, bei ya vitunguu, hali ya hewa, lakini marehemu sitamgusa, hata wa kubuni, hata aniombe mwenyewe.

Bi Doroti baadaye alichukuliwa na bintiye kwenda kukaa mji wa Mansfield, mbali na Houston. Aliniachia ile redio kaseti yake, na akipiga simu swali lake la kwanza ni moja tu, kipindi cha pili lini.

Siku aliyoondoka nilikaa sakafuni chumbani kwake, kitanda kimeshatolewa, nikaweka kaseti ya kipindi chetu, ambayo muuza nyama alitunasia siku ile kwa redio ya dukani kwake. Kach. Shshsh. Tanzia, kilio, na juu yake kile kicheko kimoja chembamba kinachopanda ngazi, hakuna ukumbi nyuma yake, yeye tu. Nikasikiliza mpaka mwisho, nikairudisha nyuma, nikaitoa, kisha kwa ncha ya kisu nikavunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo juu ya kaseti, ili asije mtu akarekodi kitu kingine juu yake.