Sawa ya Mzee Rudi Kesho

Kabla ya ugonjwa, kila mwenye gari mjini alimjua kwa jina la Rudi Kesho. Alikuwa mkaguzi wa magari, na gari lililofika mbele yake limeoshwa na kung'arishwa lilimtia shaka kuliko lililokuja na tope lake. Alilizunguka, akayapiga mateke matairi, akaingia uvunguni mzima mzima na tochi mdomoni, kisha akatoka na neno lake. Hapana, breki zinavuta upande, rudi kesho. Hapana, usukani umelegea, rudi kesho. Madereva walimsihi, wakamwita mjomba na baba mkwe, wengine wakamwaga machozi ya kweli. Yeye alikwisha kuita gari linalofuata. Cha mtu hakuchukua, tumpe haki yake. Ila hapana ilimkolea mpaka akaenda nayo nyumbani, na mkewe akianza kusema, "Baba watoto, nilikuwa nafikiria...", alikatwa kauli kabla hajafika kwenye hicho alichokifikiria.

Kiharusi kilimkuta asubuhi moja akifunga viatu. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukawa wa kuburuzwa, na maneno yote aliyoyakusanya tangu utotoni yakafagiliwa, likabaki moja tu. Sawa. Una njaa? Sawa. Umeshiba? Sawa. Ugonjwa nao una utani wake mbaya: katika maneno yote ya duniani, ulimwachia lile ambalo hakuwahi kulitumia. Hata siku ya harusi yake, wanaokumbuka husema aliguna tu.

Ndani, lakini, mzee alikuwepo. Alisikia kila kitu, alielewa kila kitu, alijua majina ya wajukuu na ubovu wa kila gari lililopita barabarani. Neno hapana alikuwa akiliona kabisa, limesimama pale pale lilipokaa siku zote, ila akifungua mdomo linatoka lile jingine. Na akisema atikise kichwa akatae, kichwa nacho kinaitikia, kama vile kimehongwa. Basi watu wakaanza kujichotea. Shemeji yake aliuliza kama angeweza kuchukua kile kiti kikubwa cha sebuleni, akapewa sawa yake, akabeba kiti. Kinyozi aliuliza, "Mzee, masharubu haya nitoe?" Masharubu yakaenda. Wageni walitoka wakinong'ona mlangoni kwamba kweli ugonjwa unafundisha, tazama alivyokuwa mpole. Na yeye kitandani roho inamchemka, hana pa kuitolea.

Hayo yote angeyameza. Lililomkaa kooni lilikuwa nyumba. Binti yao wa kwanza, anayeishi mji mwingine, aliwatengea chumba kwake, na mkewe akaja kuketi ukingoni mwa kitanda, akakunja mikono mapajani.

"Baba watoto, twende tukaishi kwa mwanao. Hapa tuweke wapangaji. Unasemaje?"

Alikusanya nguvu zake zote, kuanzia kwenye unyayo mzima. Nyumba ile aliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, kila baada ya kazi. Alijua bati gani linavuja na mlango gani lazima uunyanyue kidogo ndipo ufunge. Alitaka afie mle.

"Sawa," akasema.

Mkewe alimwangalia kitambo, akasema, "Haya," akaanza kutafuta maboksi.

Wakati maboksi yanajaa, ndipo daktari mtafiti wa hospitali kuu akawapigia simu, kisha akawafuata nyumbani. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miwani inayoning'inia shingoni, na alitafuta wagonjwa wa kiharusi kwa ajili ya utafiti wake. Mashine yao ya sumaku, akaeleza, kwa kawaida hupiga picha ya umbo la ubongo, lakini ukiiwekea kazi nyingine inaweza kupima kemikali zilizomo, kipande kwa kipande. Kuna kemikali inayokaa ndani ya seli hai za neva, na zikifa inapotea. Kuna asidi, ile ile ya msuli uliochoka, inayojaa mahali palipokosa hewa safi ya damu. Yeye alitaka kujua vitu hivyo vinabadilikaje baada ya kiharusi, na wapi. Si matibabu, akasisitiza, wala hamwahidi mtu kupona. Akamgeukia mgonjwa. "Mzee, unakubali kushiriki?"

Mnajua alichojibu. Mkewe akaweka saini.

Siku yenyewe, fundi wa mashine alikuwa baba wa makamo, mnene, mcheshi, mwenye mikono ya upole. Alimvua saa, mkanda na pete, akamlaza kwenye ubao mwembamba, akamfunika shuka, akakiweka kichwa chake ndani ya kitu mfano wa kizimba na kukikazia kwa sifongo huku na huku. Usitikisike, mzee wangu, akasema, maana ukitikisika kemikali zinachanganyikana kwenye picha na kazi yote inaharibika. Kisha akatoa kipira cha kengele chenye mrija mrefu. "Ukishindwa, bonyeza hiki tu, nakuja mbio." Akakitia kiganjani mwake, akavikunja vidole vyake juu ya kipira, kimoja kimoja, kwa mapenzi kabisa. Mkono wa kulia.

Mzee alitaka kupiga kelele. Fundi alikuwa ameweka kipira kwenye mkono wa kulia kila siku ya kazi yake, kwa kila mtu, na siku hiyo mkono wake ulijiendea wenyewe kama miguu inavyojua njia ya nyumbani. "Tupo pamoja?" akauliza.

"Sawa."

Ubao ukaingia. Dari ya tundu lile ilikuwa karibu na pua kiasi kwamba pumzi yake ilimrudia usoni ikiwa ya moto. Mashine ikaanza kugonga, ikanyamaza, ikavuma, ikagonga tena kwa sauti nyingine, na kila iliponyamaza alidhani imekwisha, na haikuwa imekwisha. Jasho likamwingia jichoni. Kipira alikuwa nacho, lakini mkono uliokishika haukuwa wake tena. Mkono wa kushoto, mzima, ulikuwa umebanwa kati ya mbavu na ukuta wa tundu, chini ya shuka, na kila alipouvuta shuka lilikaza. Woga ukampanda. Yeye aliyelala chini ya malori maisha yake yote, tani kadhaa juu ya kifua, akipiga mluzi, sasa alikuwa anatetemeka kama kifaranga, na alijionea aibu, na aibu haikumsaidia kitu.

Sauti ya fundi ikatoka kwenye spika. "Unaendeleaje humo, mzee? Uko sawa?"

"Sawa."

"Safi sana! Sasa tunaanza ile ndefu."

Akalia. Nisiseme uongo, alilia kwa sauti, machozi yakamtiririka hadi masikioni, na mashine ikavuma juu ya kilio chake. Alichofanya baadaye ni kitu kimoja tu alichobakiwa nacho. Aliukunja mguu wa kushoto, goti likagonga dari ya tundu. Akagonga tena. Akagonga mpaka goti likachubuka.

"Mzee, tafadhali usitikisike," spika ikasema. Kisha ikasikika sauti ya daktari, "Subiri. Mtoe. Mtoe haraka!"

Ubao ulipotoka, daktari alikuwa amesimama pale, na macho yake hayakwenda usoni kwa mgonjwa, yalikwenda moja kwa moja kwenye kipira. Fundi naye akakiona. Akashika kichwa chake kwa mikono miwili. "Mungu wangu, mkono uliolala. Mzee, nisamehe. Nisamehe sana."

"Sawa," akasema mzee, na hiyo moja, kwa bahati, aliimaanisha.

Walimfuta uso, wakampa maji, wakamkalisha kwenye kiti cha magurudumu mbele ya kompyuta, mkewe pembeni. Sehemu ya mwisho ya picha ilikuwa imeharibika, lakini ya kwanza ilitosha. Ubongo wake ulikuwa umegawanywa miraba midogo ya rangi, kama sakafu ya vigae. Daktari akaweka kidole upande wa kushoto. Hapa katikati, akasema, kemikali ya seli hai hakuna, pamekufa. Ila hapa pembeni, kote kuzunguka, imepungua tu, haijaisha. Na huku nyuma ipo tele.

"Maana yake nini?" mkewe akauliza.

"Rangi peke yake haziniambii anachoelewa. Ngoja nimuulize mwenyewe." Akainama. "Mzee, usiseme kitu. Kwa mkono wa kushoto, nionyeshe mlango."

Akaonyesha mlango.

"Shika sikio lako, halafu nionyeshe aliyekosea leo."

Akashika sikio. Kisha akamnyooshea kidole fundi wa mashine, na fundi akacheka kwa aibu, na daktari hakucheka. Alikaa chini polepole. "Anaelewa kila neno," akasema. "Na mimi nilichukua sawa yake nikaiita ridhaa. Mama, ni lini mlianza kumwamini akisema sawa?"

Mkewe akainama, akautengeneza mkoba mapajani. Daktari akachana karatasi vipande viwili, kwenye kimoja akachora alama ya vema ya kukubali, kwenye kingine mkasi wa kukataa, akaviweka juu ya meza. "Tuanze upya, mzee. Nitumie picha zako, au nizifute? Chagua."

Kwa kweli hakuwa na ubaya na picha zile. Zilimpendeza, alitamani kuziangalia zaidi. Lakini hapana yake ilikuwa imesimama mlangoni tangu siku ile ya viatu, na mlango ulipofunguka haikusubiri kuulizwa ni ya kazi gani. Mkono ukaenda kwenye mkasi, ukaugonga mezani, pa!

"Zinafutwa," akasema daktari, na akazifuta mbele yake. Mzee alijisikia mwepesi. Angeweza kuimba.

Daktari akampa mkewe vile vikaratasi viwili. "Muulizeni hivi. Kwa kila jambo." Mkewe akashukuru, akavitia kwenye mkoba.

Wakakaa kwenye benchi la nje kumngoja mkwe wao alete gari, yeye kwenye kiti chake cha magurudumu, mama watoto ubavuni. Mzee aliutazama mkoba. Akaugusa kwa mkono wa kushoto. Akaugusa tena. Nyumba, alikuwa anasema. Niulize habari ya nyumba.

Mkewe akaushika mkoba, akauhamishia upande wa pili, asikoweza kuufikia.

"Nilijua," akasema, akiangalia barabara. "Si leo. Tangu siku ya kile kiti. Ningekosaje kukujua, baba watoto? Nilikuwa nakuona machoni. Niliposema nisomee ushonaji, ulisema hapana. Dada yangu alipokuwa anaumwa nikaomba niende nikamuuguze, ulisema hapana, na mazishi ndiyo yaliyonipeleka. Nikikuuliza habari ya nyumba kwa vikaratasi, najua utagonga wapi. Kwa hiyo sikuulizi. Nataka kukaa na mwanangu kabla sijazeeka kabisa. Tunahama Jumamosi."

Gari likaingia getini. Taa moja ya breki haikuwaka, aliiona.

Mkewe akamgeukia, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayetaka kujua. "Maisha yetu yote, wewe mimi uliwahi kuniuliza?"

Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa neno lake la siku zote, na safari hii alitaka kumpa mkewe, si kumnyima kitu nalo. Alilitafuta kwa nguvu kuliko alivyolitafutia nyumba, kuliko mle ndani ya tundu, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Sawa," akasema.

Mkewe aliinuka, akafungua breki ya kiti, akaanza kumsukuma kuelekea kwenye gari.