Mche wa Miraa wa Kiwanjani

Baba hakusema hapana. Angesema hapana tungegombana tukamaliza, maana kwa kugombana mimi na yeye tunafanana. Alichofanya ni kukipokea kile kibunda cha miraa mchumba wangu alichomletea, kimefungwa vizuri kwa jani la mgomba, akakinusa bila kukifungua, akamrudishia.

"Hii umenunua stendi," akasema. "Na imelala."

Kwetu milimani, baba wa msichana akifungua kibunda, mazungumzo ya ndoa yameanza. Asipofungua, kunywa chai yako uende. Mchumba wangu akanywa chai. Alikuwa Mturkana, mtoto wa wafugaji wa Ngaremara, dereva wa kaunti. Tulijuana ofisini Isiolo, miaka ile serikali za kaunti zilipoanza na mimi nikateremka kutoka milimani kuja kuwa karani. Miraa aliijua kwa kuiona kwenye mashavu ya watu tu.

"Ukimtaka binti yangu," baba akaendelea, "niletee miraa ya mti uliopanda kwa mkono wako. Huko huko Isiolo."

Akaenda shambani, akarudi na mche umefungwa kwa gunia bichi, akamkabidhi. Miraa na jua la Isiolo, jamani! Nilijua anachofanya. Tulipofika barabarani nikamwambia mchumba wangu, "Amekukataa kwa adabu."

"Hajanikataa," akasema. "Amenipa mche."

Hiyo ndiyo shida ya kupenda mtu mwenye matumaini.

Aliupanda kwa mama yake, aliyekuwa amehamia Kiwanjani, hapo hapo mjini Isiolo. Mimea hakuijua, alijua mifugo, basi akaulea kama ndama. Asubuhi anaunywesha, jioni anaunywesha. Mwenye mkokoteni wa maji akawa anasimama kwao kabla ya kwenda kwa mtu mwingine. Majani yakaanza kuwa ya manjano, yeye akaona ni kiu, akaongeza maji. Alipoung'oa, mizizi ilikuwa imeoza kabisa, inanuka.

Kuomba mche mwingine kulimaanisha kupanda tena milimani na kusimama mbele ya baba.

"Kwani ulikuwa unapanda mpunga?" baba akamuuliza. Lakini akampa.

Mara ya pili aliogopa mbuzi wa majirani. Akazunguka boma lote akitafuta mahali penye ua imara, wa miiba ambayo hata fisi hapiti, na mahali hapo hapakuwa pengine ila zizi la mbuzi wa mama yake. Akaupanda ndani. Ndani, kati ya mbuzi!

"Ulidhani watakula nini?" nikamuuliza.

"Hawa ni mbuzi wetu," akasema. "Mama amewafunza adabu."

Hatukuwa tumemaliza chai, mche umebaki kijiti. Mama yake alilalamika kwamba miraa iliwafukuza mbuzi usingizi, wakakesha wakipiga kelele hadi jogoo akawika. Baba aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikakasirika na wote wawili, mwenye kucheka na mwenye kuchekwa.

Wa tatu aliujengea paa la mabati ili usichomwe na jua. Ilipofika saa sita mchana majani yalikuwa yameiva kama mboga.

Siku hiyo sikumkemea. Nililia. Wenzangu wa rika walikuwa wanabeba watoto, na mimi ndoa yangu ilikuwa mikononi mwa mtu asiyeweza kulea hata mche. Niliogopa kwamba atachoka kuchekwa aende zake kwa msichana ambaye baba yake anataka ng'ombe tu. Nikamwambia tununue kibunda kizuri kwa rafiki yangu wa milimani, tuseme kimetoka kwenye mti wake.

"Kile cha kwanza alikinusa akajua mpaka stendi," akasema. "Hiki atajua mpaka shamba."

Mche wa nne hakuupanda haraka. Aliuacha kwenye gunia, akakaa kwenye kigoda akimwangalia mbuzi mkongwe kuliko wote, aone anajilaza wapi jua likiwa kali. Alijilaza nyuma ya jiko, ukutani, penye kivuli cha alasiri. Akamfukuza, akaupanda hapo hapo, akazungushia miiba. Maji hakuyamwaga tena kabla ya kutia kidole kwenye udongo. Siku nyingi kidole kilimwambia akae chini atulie, na kutulia ndiko kulikomshinda zaidi. Lakini alijifunza. Mvua zikaja, zikaenda, zikakataa, zikaja tena, na mti ukapanda polepole mpaka ukanifika kifuani.

Baba hakuamini. Akasema atakuja mwenyewe, hawezi kudanganywa uzeeni. Aliteremka na koti lake zito katika joto lile, akasalimu kwa haraka, akaenda moja kwa moja nyuma ya jiko.

Mchumba wangu alisimama na kibunda mkononi, chembamba kama kidole cha mgonjwa. Baba hakukitazama. Aliuzunguka mti, akapapasa jani, akainama. Nilishaamua, akikataa tena, leo tutagombana mbele za watu na sitarudi nyumbani.

"Nani alikata tawi hili?"

"Mimi, mzee."

"Vibaya! Unaua mti." Akavua koti, akalitundika kwenye miiba, akapiga magoti kwenye vumbi. "Mkwe, shika hapa. Hapana, chini kidogo. Na mtu aniletee kisu!"

Mkwe. Alilisema bila hata kuinua kichwa.

Nilikimbilia jikoni, nikamkuta mama wa mchumba wangu ameshashika kisu, machozi yanamtoka. Tuliporudi, wanaume wawili walikuwa wameinamia mti wakibishana, na kibunda mchumba wangu alikuwa amekiweka juu ya kigoda ili apate mikono miwili. Mbuzi mkongwe alikuwa ameshakila, anamalizia jani la mgomba lililokifunga.

Mpaka leo baba huwaambia wajukuu wake kwamba yeye hakuwahi kufungua kibunda chochote, na kwamba mama yao bado hajaolewa.